Mdogo wako wa chuo anaomba ada ya kozi fupi: umtumie?

Kuelekea mwezi wa saba, vyuo vikuu vya Tanzania vinapofunga, ujumbe ni ule ule: "Dada, naomba laki mbili nisome kozi fupi." Wewe uko Muscat au Doha, mshahara bado, unajiuliza: si ana bumu huyu? Chuo hakimtoshi?

Bumu ni la chakula, malazi na vitabu; kozi ya nje ya chuo haimo. Na ombi lenyewe mara nyingi lina maana. Anayesoma uhasibu anajua kanuni, lakini anaweza kumaliza digrii bila kuzoea Excel, QuickBooks au mashine ya EFD. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi anataka mtu wa kuanza kazi Jumatatu, si wa kufundishwa. Kozi ya wiki sita inaweza kuziba pengo hilo, akapata kibarua cha likizo na kwenda fildi akiwa anajua kufanya kitu.

Kabla hujatuma, muulize mambo matatu.

Ukimaliza utajua kufanya nini? Jibu liwe la kitendo: "Nitaweza kufunga hesabu za duka za mwezi." Akisema "itanisaidia baadaye", bado hajafikiria.

Cheti kinatoka wapi? VETA wana kozi fupi za umeme, ushonaji, udereva na kompyuta. Kikiwa chuo binafsi, akuoneshe usajili wake wa NACTVET.

Inalipwaje? Vyuo vya serikali hutoa kontroo namba. Akutumie picha ya ankara yenye jina lake, na mtu wa nyumbani ailipe kwa simu. Chuo binafsi kiwe na akaunti ya benki yenye jina la chuo. Ukipewa namba ya simu ya mwalimu, simama hapo kwanza.

Sasa hesabu. Ada siyo gharama yote. Tuchukue mfano: ada 200,000, nauli na chakula 5,000 kwa siku 30, yaani 150,000. Jumla 350,000, bado makato ya kutuma. Akipata kibarua cha 150,000 kwa mwezi, miezi mitatu inairudisha. Usitume zote kwa mkupuo: ada kwanza, nauli kila wiki akiwa anahudhuria.

Tusidanganyane pia. Kozi fupi haimfanyi mtu kuwa CPA. Huko kuna mitihani ya NBAA. Na vyeti vitano vya kozi tano tofauti havimzidi mwenye ujuzi mmoja aliouzoea. Likizo moja, kozi moja.

Kama ada hiyo itagusa akiba yako ya tiketi au ya ugonjwa, mwambie ukweli asubiri likizo ijayo. Kozi zitakuwepo. Wewe ukikwama ugenini, hata ada ya chuo itakosa wa kuilipa.