Shangazi aliyeapa kutovuka tena Rufiji

KAMA kwenu mna mzee wa Kusini, basi utanielewa haraka. Ukimtajia safari, yeye anakutajia mto. Ukimtajia likizo, anakutajia tope. Kwetu hapa Mbagala mzee huyo ni shangazi yangu, dada wa marehemu baba, mzaliwa wa Kilwa Kivinje. Mto wenyewe ni Rufiji, na mwaka 1993 aliapa kwamba hauvuki tena maisha yake yote.

Sasa mwaka huu mimi na mama watoto tumekata shauri. Likizo ya Juni watoto hawaendi Bagamoyo wala Kigamboni. Wanakwenda Kilwa, na mfuko ukiruhusu tutasogea mpaka Lindi. Mkubwa yuko kidato cha pili na kwao hakujui. Kilwa anayoijua yeye ni ile ya Kilwa Road, ya kugombea daladala. Aibu, jamani!

Kikao cha mipango kilifanyika kibarazani Jumapili jioni. Mama watoto alishika daftari la matumizi. Alikuwepo pia jirani yetu, dereva wa Fuso, ambaye kila msimu wa korosho yuko njia hiyo kama kondakta. Shangazi alikaa mkekani anachambua mchele, akijifanya hasikii.

Dereva hakuzunguka. "Kwanza kabisa, shemeji, msithubutu kwenda masika. Machi mpaka Mei barabara ile haina adabu." Akatukumbusha Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoipiga pwani ya Kusini, mafuriko yakaikata barabara kuu maeneo ya Somanga na magari yakapanga foleni huku na ng'ambo. Yeye alikuwemo kwenye foleni hiyo. "Mkate ulipanda bei mpaka tukaanza kuuheshimu," akasema.

Mkono wa shangazi ukasimama juu ya ungo.

"Si niliwaambia?" akasema bila kuinua kichwa. "Sijui lami, sijui daraja, sijui nini. Mvua ikinyesha, Kusini ni ileile."

Pakawa kimya. Mama watoto akanitupia lile jicho la mwambie wewe, huyu ni wa kwenu.

Hapa, msomaji, inabidi nikurudishe nyuma kidogo, la sivyo utamwona shangazi ni mkaidi tu.

Ilikuwa Aprili 1993. Simu zilikuwa za wachache, na habari za misiba nyumba nyingi zilizipata kwenye matangazo ya vifo ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Ndimo tuliposikia jina la bibi. Shangazi hakupiga yowe. Alijifunga kanga, akachomoa nauli chini ya godoro, akanishika mkono. Baba alikuwa nje ya mji kikazi, kwa hiyo mwanaume wa kumsindikiza nikawa mimi, kidato cha kwanza, hata sauti haijavunjika.

Enzi hizo lami ya njia ile ilikuwa ya kuhesabu. Tuliondoka alfajiri, jioni tukafika Ikwiriri. Mbele kidogo ni Ndundu, kwenye kivuko. Mto ulikuwa umefurika, una rangi ya chai ya maziwa, unashusha magogo, na kivuko hakivushi kitu. Tukalala pale usiku wa kwanza. Tukalala na wa pili. Mbu wa Ndundu hawakuwa wanauma, walikuwa wanakula. Mama lishe mmoja alitupikia wali na kambale, na aliposikia tunakwenda msibani akaisukuma ile noti irudi mkononi mwa shangazi. Siku ya tatu maji yakapungua, tukavushwa. Huko mbele ikawa kushuka na kusukuma basi, kupanda, kushuka tena.

Tulipofika Kivinje ilikuwa usiku. Udongo wa kaburi ulishalowa na kushuka, hitima ilishasomwa, waliotoka mbali walishaanza kuaga. Shangazi alikaa makaburini na kandili mpaka wakaja kumtoa. Kurudi Dar alikataa basi katakata. Alipanda jahazi lililobeba nazi, akatapika njia nzima, ilimradi asiuone ule mto. Tangu siku hiyo, kila mwaka anatuma hela ya kufyeka pale makaburini, na yeye mwenyewe hajatia mguu.

Jirani yetu hakuyajua haya. Ndiyo maana akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Kwani shangazi mara ya mwisho umepita lini?"

"Wakati wa kivuko."

"Ala! Basi hujaliona daraja."

Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, na urefu wake unakaribia kilometa moja. Mimi nilishamweleza habari zake mara nyingi, lakini maneno ya mtoto wa ndugu kwa shangazi ni upepo. Dereva akatoa simu, akamwonyesha video aliyopiga tanboi wake wakiwa wanavuka. Kingo za daraja zinapita, maji chini, mchanga, maji tena, halafu majani ya ng'ambo.

"Rudia," akasema shangazi.

Akarudia.

"Hamjakata hapo katikati?"

"Hatujakata, shangazi. Dakika moja na ushei, tumeshavuka."

Akaitazama mara ya tatu. Halafu akaweka ungo chini, akasema polepole, "Dakika moja," kama mtu anayehesabu deni lililolipwa na mtu mwingine. Hakuna aliyemjibu. Dereva ndipo alipohisi kuna jambo, akarudisha simu mfukoni.

Baadaye kidogo shangazi akauliza Juni kunakuwaje huko siku hizi, kama bado asubuhi kuna kijibaridi cha kusi. Mama watoto akafungua ukurasa mpya wa daftari. Kikao kikaanza upya, safari hii na mjumbe mmoja zaidi.

Haya, na wewe unayefikiria njia hiyo chukua kalamu. Mabasi mengi ya Kusini yanapakia Mbagala Rangi Tatu. Angalia basi lako linaishia wapi. La Kilwa Masoko litakufikisha Masoko, lakini la Lindi au Mtwara litakushusha Nangurukuru njia panda, na hapo utatafuta bajaji au Hiace na mabegi yako kichwani. Ondoka alfajiri. Ukienda Kusini bahari iko kushoto, watu wanagombea dirisha la upande huo kisha wanalia, maana jua la asubuhi nalo linatokea hukohuko. Dereva anasema tundika kanga dirishani mpaka saa nne, halafu ifungue. Na usijaze tumbo kwa chipsi za Kibiti. Vumilia mpaka Somanga ukale samaki na pweza.

Mkubwa wetu alikuwa anadai twende Desemba, eti ndio wakati wa embe na korosho. Korosho kweli zinavunwa kuanzia Oktoba hivi, lakini za kukaanga hazikosekani. Juni barabara imekauka, na hilo kwa safari yetu linazidi embe. Ubaya wa Juni ni kusi, upepo unaochafua bahari kadiri siku inavyokwenda. Dawa yake ni kuvuka kwenda Kisiwani asubuhi mapema.

Kwenda Kilwa Kisiwani kibali unalipia Masoko kabla ya kupanda mashua, na unapewa wa kukuongoza. Usijitie ujanja wa kwenda kienyeji. Mkondo wenyewe ni mwembamba, hata soga halijakolea mmeshafika. Pale ufukweni unapokelewa na Gereza, ngome iliyoanzia kwa Wareno walioivamia Kilwa mwaka 1505, ikaja kujengwa upya wakati wa Waarabu wa Oman. Lakini usiishie kupiga picha hapo kama wengi wanavyofanya. Nenda Msikiti Mkuu, ambao ulianza kujengwa karne ya 11 na kupanuliwa baadaye, usimame kati ya nguzo zile na ukimya wake. Kisha tembea mpaka Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman la karne ya 14, lenye vyumba zaidi ya mia na bwawa la kuogea la pembe nane juu ya bahari. Bwawa, karne ya 14! Sisi huku Mbagala tunangoja zamu ya maji.

Sultani huyo ndiye aliyemkuta msafiri Ibn Battuta mwaka 1331, na watu walimwita Baba wa Zawadi kwa jinsi alivyokuwa mtoaji. Utajiri ulitokana na dhahabu ya Sofala iliyopitia mikononi mwa Kilwa. Walikuwa na sarafu zao wenyewe za shaba, na kali ya mwaka ni kwamba tano kati ya hizo ziliokotwa mwaka 1944 na askari mmoja kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Halafu sisi tunaona Kilwa kutoka Dar ni mbali.

Kama una siku ya ziada nenda Songo Mnara. Huko maji kupwa na kujaa ndiyo ratiba, na maji yakipwa utatembea kwenye tope la mikoko, kwa hiyo viatu vyako vya harusi viache gesti. Magofu ya visiwa hivyo viwili yaliingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981. Mwaka 2004 yakatiwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini, na yakatolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati.

Nilipokuwa nawasimulia watoto haya, shangazi akadakia. "Sisi tulikuwa tunaokota shanga kule baada ya mvua. Bibi yenu akizikuta kwenye fundo la kanga anatukalipia, rudisheni, mali za watu hizo." Bibi alikuwa na sheria yake mapema. Siku hizi kuokota au kubeba chochote magofuni ni kosa, na wadogo wetu wamekwishaonywa.

Ugomvi ulizuka kwenye ratiba. Mimi nilipanga Masoko na Kisiwani kwanza, Kivinje tupitie wakati wa kurudi. Shangazi akasema ama Kivinje kwanza, siku mbili, ama tumwache na mchele wake. Nikafikiri kumpinga, halafu nikaona magofu yamengoja miaka mia saba, siku mbili si kitu.

Na Kivinje yenyewe si ya kupita mbio. Ni mji uliotajirika karne ya 19 kwa biashara ya pembe za ndovu na, tusifiche, ya watumwa walioshushwa kutoka bara. Nyumba kuukuu za mawe bado zipo, nyingine zimeota mti ndani. Hapo ndipo Wajerumani walipomnyonga Hassan bin Omari Makunganya mwezi Novemba 1895 kwa kuwapinga, miaka kumi kabla Maji Maji haijalipuka kule milima ya Umatumbi. Watoto wamesoma Maji Maji kwa ajili ya mtihani. Nataka wasikie majina hayo wakiwa wamesimama pale.

Mavazi yawe ya heshima, kanga begani haikosi kazi. Kama safari yako itaangukia Ramadhani, mchana usitegemee kukuta vyungu jikoni. Beba noti ndogo na uliza chandarua kabla hujalipia chumba.

Lindi tumeipangia usiku mmoja tu. Tutakula ming'oko ya kuchemsha yenye pilipili na ndimu, tutatazama ghuba jua likizama. Mdogo wetu anataka kuona mijusi mikubwa ya Tendaguru. Nimemweleza kwamba kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa hiyo, wapagazi wakaibeba vichwani mpaka bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200, na lile jitu lenyewe limesimama makumbusho ya Berlin hadi leo. Akauliza sasa sisi tunakwenda kuona nini. Sikuwa na jibu la haraka. Nikamwambia tunakwenda kuona lilikotoka.

Juzi jioni nilimkuta shangazi getini anateta na dereva. Kumbe jamaa ana mzigo wa kupeleka Kilwa wiki ijayo, na shangazi anaulizia kama Fuso inaweza kubeba mifuko miwili ya saruji, ishushwe Kivinje kwa ndugu, itukute huko. Anataka kaburi la mama yake lizungushiwe ukingo, udongo usishuke tena. Alishafungua fundo la kanga, hela iko mkononi.

Dereva alibeba mifuko, hela akaisukuma irudi.