Usawa, Haki na Mgawo: Istilahi za Ugatuzi na Fedha za Umma

Kila uwanja wa maarifa unapoingia katika Kiswahili huja na matatizo yake ya istilahi. Istilahi za sayansi aghalabu huingia zikiwa ngeni, na kila asomaye anatambua kwamba hana budi kujifunza maana zake. Istilahi za utawala na fedha za umma huwa kinyume cha hayo. Nyingi zimeundwa kwa maneno tunayoyatumia nyumbani na sokoni: kugawa, haki, usawa, madaraka. Msomaji hudhani ameelewa kabla hajaelewa, na mfasiri naye huridhika mapema.

Katika makala haya tunakusudia kuchambua baadhi ya maneno yanayotumika kueleza jinsi serikali kuu inavyoachia madaraka kwa sehemu za nchi, na jinsi fedha za taifa zinavyozifikia sehemu hizo. Mifano yetu tumeichukua Tanzania na Kenya, kwa kuwa nchi hizi mbili zimeyazungumza mambo haya kwa Kiswahili hadharani kwa muda mrefu. Hoja yetu ni moja: katika uwanja huu, anayeandika usawa mahali palipostahili haki, au mgawanyo mahali palipostahili mgawo, huwa amebadili hesabu yenyewe, na kuna watu watakaopata zaidi au kukosa kwa sababu hiyo.

Madaraka yamekwenda kwa nani?

Mwaka 1972 Serikali ya Tanzania ilianzisha mpango uliojulikana kwa jina la Madaraka Mikoani. Jina lilikuwa jepesi na lilieleweka mara moja. Lakini tukiutazama mpango wenyewe tunaona kwamba halmashauri za wilaya, zilizokuwa na madiwani waliochaguliwa, zilivunjwa, na uongozi wa maendeleo ukawekwa chini ya wakurugenzi wa mikoa na wilaya walioteuliwa na serikali kuu. Watumishi na fedha vilisogea karibu na wananchi. Uamuzi wa mwisho ulibaki kwa aliyewateua. Halmashauri za miji zilirudishwa mwaka 1978, sheria mpya za serikali za mitaa zikatungwa mwaka 1982, na halmashauri za wilaya zikaanza kazi tena mwaka 1984. Ibara ya 146 ya Katiba ya Tanzania inataja kupeleka madaraka kwa wananchi kuwa ndiyo madhumuni ya kuwapo kwa serikali za mitaa.

Kwa hiyo, katika muda wa miaka 12 tu, neno lile lile madaraka lilitumika kueleza hatua ya kuzivunja halmashauri na hatua ya kuzirudisha. Neno halikuwa na kosa. Lililokosekana ni kitenzi cha kulifafanua. Madaraka yanaweza kusogezwa, yanaweza kukasimiwa, na yanaweza kugatuliwa, na haya ni mambo matatu mbalimbali.

Kusogeza utawala ni pale mtumishi wa serikali kuu anapofanya kazi mkoani huku akiwajibika kwa waliomtuma. Kukasimu madaraka ni pale mwenye madaraka anapompa mwingine ayatumie kwa niaba yake, naye akabaki na uwezo wa kuyatwaa tena. Kugatua ni pale katiba au sheria inapokipa chombo kilichochaguliwa na watu wa mahali fulani madaraka yake chenyewe, pamoja na bajeti yake, kikawajibika kwa wapiga kura wake. Mfasiri asiyekuwa na hakika na ajiulize: ni nani awezaye kumwondoa kazini mkuu wa chombo hicho? Jibu la swali hilo litamwonyesha kitenzi kinachofaa.

Kutokana na kitenzi gatua tumepata nomino mbili, ugatuaji na ugatuzi, nazo hutumiwa kiholela. Mnyambuliko wa Kiswahili unaturuhusu kuzitenga. Kiambishi -aji huelekea kutaja tendo linaloendelea, na kiambishi -zi huelekea kutaja mfumo au matokeo. Ndivyo tunavyosema utatuzi, ufafanuzi na uamuzi. Tunapendekeza basi kwamba ugatuaji utumike kwa kazi ya kuhamisha madaraka, na ugatuzi kwa mfumo uliokwisha kuundwa, kama ilivyozoeleka nchini Kenya.

Jimbo, mkoa na kaunti

Majina ya sehemu zenyewe yanahitaji hadhari kama hiyo. Wakati wa ukoloni Tanganyika iligawanywa katika majimbo. Baada ya Uhuru sehemu hizo zikabadilishwa kuwa mikoa, na leo Mtanzania akisikia jimbo hufikiri kwanza jimbo la uchaguzi. Kwa Mkenya mahali pa mbunge ni eneo bunge, na neno majimbo lina historia ya kisiasa. Katiba ya Kenya ya mwaka 1963 iliunda majimbo saba yenye mabaraza yake, mbali na eneo la Nairobi, na mfumo huo ukafutwa mwaka uliofuata. Tangu hapo neno majimbo limebeba hisia za wale waliouona mfumo huo kuwa kinga ya jamii ndogo, na za wale waliouona kuwa mbegu ya utengano. Huenda hii ni sababu mojawapo iliyofanya neno kaunti, ingawa ni la kukopa, lipokewe bila ugomvi mkubwa: halikuwa na kumbukumbu yoyote nyuma yake.

Hata neno madaraka lenyewe hubadilika mpakani. Nchini Kenya Sikukuu ya Madaraka huadhimisha tarehe 1 Juni 1963, siku nchi ilipopata serikali ya ndani. Nchini Tanzania madaraka ni uwezo aliopewa mtu kwa cheo chake. Afisa anayetafsiri waraka utakaosomwa pande zote mbili hana budi kulikumbuka jambo hili.

Kugawanya na kugawa

Sasa tuje kwenye fedha. Katiba ya Kenya iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 iliunda kaunti 47, ambazo serikali zake zilianza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Ibara ya 203 inaagiza kwamba kila mwaka kaunti zote kwa pamoja zipewe fungu lisilopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa, yakihesabiwa kwa hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Msomaji atazame kwamba hapa kuna hatua mbili. Kwanza mapato hukatwa kati ya serikali ya taifa na kaunti zote kwa jumla. Kisha fungu la kaunti hutolewa kwa kila kaunti kwa kiasi chake. Kila hatua ina sheria yake ya kila mwaka.

Kiswahili kinayo maneno ya kutenga hatua hizi. Mzazi huugawanya mkate vipande, kisha huwagawia watoto. Kugawanya ni kukifanya kitu kimoja kuwa sehemu. Kugawa ni kumpa kila mmoja chake. Kwa kanuni hiyo, hatua ya kwanza ni mgawanyo wa mapato, hatua ya pili ni ugawaji wa mapato, na kiasi kinachoifikia kaunti moja ni mgawo wake. Anayeziita zote tatu mgawanyo humwacha msomaji akidhani kwamba serikali ya taifa imeipunja kaunti yake, ilhali huenda aliyechukua zaidi ni kaunti nyingine. Au kinyume chake.

Kuna maneno mawili zaidi ya kuangaliwa. Tume inayopendekeza kanuni za kugawa fedha hizi nchini Kenya huitwa kwa Kiswahili Tume ya Ugavi wa Mapato. Katika ofisi za Tanzania, ugavi ni kazi ya kununua, kutunza na kusambaza vifaa, na katika vitabu vya uchumi ugavi huwekwa mkabala na mahitaji. Vilevile, mfuko maalumu wa fedha Mkenya huuita hazina, na Mtanzania akisikia Hazina huelewa idara ya Wizara ya Fedha. Hatusemi kwamba upande mmoja umekosea. Tunasema kwamba waraka unaovuka mpaka uyafafanue maneno haya yanapotokea mara ya kwanza.

Usawa na haki

Tunafika mahali pagumu zaidi. Si nadra kukuta katika maandishi kwamba kaunti zinastahili mgawo sawa. Sawa kwa kipimo gani? Tuchukue sensa ya Kenya ya mwaka 2019. Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073 na Lamu watu 143,920. Tukisema kila kaunti ipate sawa na nyingine, kila moja itapata asilimia 2 na ushei ya fungu zima, na mkazi mmoja wa Lamu atakuwa amehesabiwa kama wakazi 30 wa Nairobi. Tukisema kila mtu ahesabiwe sawa na mwenzake, Lamu itapata asilimia 0.3 tu, na kwa fedha hizo italazimika kuendesha hospitali na ofisi za kaunti kama wengine wote. Kila upande unaweza kutamka neno usawa bila kusema uongo.

Kanuni ya kwanza ya Kenya, iliyopitishwa mwaka 2012, ilijaribu kuviunganisha vipimo hivi. Idadi ya watu ilipewa asilimia 45, sehemu iliyo sawa kwa kaunti zote 25, umaskini 20, ukubwa wa ardhi 8, na uangalifu katika matumizi ya fedha 2. Ilipofika mwaka 2020, Seneti ilipojadili kanuni ya tatu, ubishi uliendelea kwa miezi. Upande mmoja ulitumia wito wa mtu mmoja, kura moja, shilingi moja. Upande mwingine, hasa kaunti kavu za kaskazini na baadhi ya kaunti za Pwani, ulidai kwamba fedha zikifuata vichwa, watu waliosahauliwa watazidi kusahauliwa. Mapatano yalipatikana Septemba 2020, kwa sharti kwamba fungu la kaunti liongezwe kutoka shilingi bilioni 316.5 hadi bilioni 370, ili pasiwe na kaunti itakayopata pungufu ya ilivyokuwa ikipata.

Hoja ya kaskazini haikuzuka hivi karibuni. Waraka wa serikali Na. 10 wa mwaka 1965 ulielekeza kwamba fedha za maendeleo ziwekwe mahali zitakapoongeza uzalishaji zaidi, yaani penye ardhi nzuri, mvua na barabara. Hicho kilikuwa kipimo cha faida, na penye faida tayari ndipo palipozidi kupata. Kwa sababu hiyo Katiba ya 2010, katika Ibara ya 204, iliweka Hazina ya Usawazishaji, yenye asilimia 0.5 ya mapato ya taifa kila mwaka kwa muda wa miaka 20, ili maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma vifikishwe katika hali wanayoifurahia wengine.

Neno usawazishaji limechaguliwa vizuri. Fundi anayesawazisha uwanja hamwagi kifusi kiasi kile kile kila mahali. Humwaga kingi penye shimo. Kusawazisha, basi, ni kutoa visivyo sawa ili hali ziwe sawa. Mwalimu anayefundisha uraia akitumia mfano huu ataona kwamba wanafunzi wanaelewa upesi kwa nini mgawo wa haki huenda usiwe mgawo sawa.

Mapendekezo

Kwa ajili ya wafasiri, walimu na watumishi wa serikali, tunapendekeza istilahi zifuatazo na fasili zake:

Ukasimishaji: kumpa mtu au chombo madaraka ya kutumia kwa niaba ya mwenyewe, ambayo yaweza kutwaliwa tena.

Ugatuaji: kazi ya kuhamisha madaraka kisheria kwenda kwa vyombo vilivyochaguliwa mahali pake.

Ugatuzi: mfumo wa serikali unaotokana na kazi hiyo.

Mgawanyo wa mapato: kukatwa kwa mapato ya taifa kati ya ngazi za serikali.

Ugawaji wa mapato: kutolewa kwa fungu la ngazi moja kwa sehemu zake.

Mgawo sawa: kiasi kimoja kwa kila sehemu. Pale kipimo kinapokuwa watu, isemwe mgawo wa kichwa.

Mgawo wa haki: kiasi kinachopimwa kwa mahitaji na hali ya sehemu, kwa kanuni iliyotangazwa.

Usawazishaji: fedha za ziada kwa sehemu zilizoachwa nyuma, ili kupunguza pengo.

Neno usawa likisimama peke yake katika waraka wa fedha, tunashauri mfasiri asilipitishe kabla hajajua ni usawa wa nini na baina ya nani. Akikosa jibu katika matini ya asili, na amrudie mwandishi wa waraka kumwuliza, kwa maana mwananchi wa Mandera au wa Kigoma atakayeusoma hatakuwa na nafasi ya kumwuliza. Maoni ya wasomaji juu ya fasili hizi, pamoja na mifano ya matumizi katika ofisi na shule zao, yatapokelewa kwa shukrani.