Kabla ya Kuchimba, Uliza Udongo

Leo tunazungumza na wewe unayejenga nyumba mashambani na unataka choo cha kumwaga maji ndani ya nyumba. Mahali pasipo na mabomba ya maji taka, utahitaji tangi la septiki na shimo la kunyonya maji. Je, shamba lako linakubali?

Watu wengi hudhani tangi ndilo linalosafisha uchafu. Sivyo. Ndani ya tangi, uchafu mzito huzama chini na mafuta huelea juu. Maji ya katikati hutoka kwenda kwenye shimo la kunyonya, yakiwa bado yamejaa viini vya magonjwa. Kazi ya kuvikamata viini hivyo hufanywa na udongo. Kwa hivyo udongo usiofaa utaiharibu kazi hata kama fundi wako ni hodari.

Udongo wa nchi yetu si mmoja. Udongo mweusi unaonata wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi, kama ule wa tambarare za Kano na Mwea, haunywi maji upesi. Msimu wa masika shimo hujaa, na uchafu hutokea juu ya ardhi pale watoto wanapocheza. Huko Pwani, kwenye mawe ya matumbawe, shida ni kinyume chake. Maji hupita haraka kwenye nyufa za mawe na kufika visimani kabla hayajachujwa. Udongo mzuri ni ule unaonywa maji polepole bila kuyakataa.

Unaweza kujipimia mwenyewe. Chimba hadi kina ambacho maji taka yatatolea. Chini yake chimba kishimo kidogo cha sentimita 30, ukijaze maji na uache udongo ulowe usiku kucha. Kesho yake jaza tena, simamisha kijiti chenye alama, na utazame saa. Kama maji yanachukua zaidi ya nusu saa kushuka sentimita 1 tu, shimo la kunyonya halitafaa hapo. Na kama yanatoweka mara moja, hiyo pia ni hatari. Mwonyeshe afisa wa afya matokeo yako.

Sasa tuje kwenye umbali. Shimo liwe angalau mita 30 kutoka kisima chochote, na liwe upande wa chini wa mteremko. Usipime kisima chako peke yake, pima na cha jirani. Sehemu ya chini ya shimo ibaki angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini, na kipimo hicho ni cha msimu wa mvua, maji yanapopanda. Penye mawe yenye nyufa, hata mita 30 huenda zisitoshe.

Msikilizaji, maji ya kisima yanaweza kumeremeta kwenye gilasi na bado yakabeba kipindupindu au homa ya matumbo. Mtoto mdogo anayehara anaweza kuishiwa maji mwilini na kufa kwa muda mfupi. Jirani hawezi kujua kwamba ugonjwa unatoka kwenye shimo lako.

Ndiyo maana kuna kibali. Sheria ya mwaka 2019 ya mipango na matumizi ya ardhi inamtaka anayejenga apate idhini ya serikali ya kaunti. Peleka ramani inayoonyesha nyumba, tangi, shimo, visima na mipaka ya shamba. Mwalike afisa wa afya ya umma aone mahali penyewe kabla fundi hajapiga jembe la kwanza. Ukilipa ada, dai risiti. Chini ya Sheria ya Afya ya Umma, choo au shimo linalochafua maji ya watu ni kero, na unaweza kuamriwa uliondoe kwa gharama yako.

Na udongo ukikataa? Usikate tamaa. Waweza kujenga choo cha shimo kilichoinuliwa juu ya ardhi, choo kinachotenganisha mkojo na kinyesi, au tangi lisilovuja linalonyonywa na lori. Lakini kwanza hakikisha lori lina njia ya kufika kwako. Hata tangi la septiki lenyewe huhitaji kunyonywa kila baada ya miaka michache, kabla uchafu mzito haujatoka na kuziba udongo.

Kumbuka: kuhamisha alama kwenye karatasi ni rahisi, kuhamisha shimo lililokwisha chimbwa ni gharama. Kinga ni bora kuliko tiba.