Umechoka hadi kuomba huwezi? Nabii Eliya alianza kwa kulala na kula

MPANDA. Msimu wa mpunga ukishika kasi Mwamkulu, kata iliyopo Manispaa ya Mpanda mkoani Katavi, siku ya mkulima inaanza mapema. Kuna kuandaa majaruba, kupandikiza miche, kupalilia, na mpunga ukikaribia kukomaa, kushinda shambani kufukuza ndege. Jioni nyumbani bado kuna kazi, watoto na mawazo ya madeni.

Ikifika Jumapili, mtu anakaa kanisani huku mwili umegoma. Anataka kuomba, maneno hayaji. Halafu anaanza kujilaumu kwamba imani yake imepungua.

Je, kuchoka ni dalili ya kukosa imani? Ukiisoma Biblia vizuri, jibu ni hapana.

Nabii aliyeomba kufa

Kitabu cha 1 Wafalme sura ya 19 kinamuonesha Eliya akiwa hoi. Ametoka kwenye ushindi mkubwa pale mlima Karmeli, lakini malkia Yezebeli anatishia kumuua. Anakimbilia jangwani, anakaa chini ya mti na kumuomba Mungu afe. Yametosha.

Mungu hamkemei. Eliya analala. Malaika anamgusa na kumwambia ale. Kuna mkate na maji. Anakula, analala tena. Malaika anarudi mara ya pili na kumlisha kwa sababu safari bado ni ndefu. Baada ya hapo ndipo anapata nguvu za kutembea siku 40 hadi mlima Horebu.

Kwa hiyo usingizi na chakula vilitangulia, maagizo mapya yakafuata. Kupumzika hakukuwa kumkimbia Mungu, bali ndiko Mungu alikoanzia kumsaidia.

Hata Yesu, katika Marko sura ya 6, anawaambia wanafunzi wake waende mahali pa faragha wapumzike kidogo, maana walikuwa hawapati hata nafasi ya kula.

Ahadi ya Isaya 40

Wengi wanaijua ahadi ya tai kwenye Isaya 40:31. Wanaomngoja Bwana wanapata nguvu mpya: wanapaa, wanakimbia, wanatembea bila kuzimia.

Angalia kinachotajwa mwisho. Ni kutembea. Kuna siku nguvu mpya haiji kwa kishindo. Inatosha tu kukufikisha shambani na kukurudisha nyumbani bila kukata tamaa.

Usibebe peke yako

Eliya alilalamika kwamba amebaki peke yake. Mungu alimjibu kwamba wapo watu 7,000 ambao hawajamsujudia Baali, na akampa Elisha wa kufanya naye kazi.

Hapa ndipo jumuiya ndogo ndogo zinapopata maana. Maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele katika miaka ya 1970 ili imani iishi kati ya majirani, si kanisani tu. Ukikosa maneno ya kuomba, mwenzako anaweza kuomba kwa niaba yako. Anaweza pia kukushikia jembe kwa siku moja.

Mfano wa Karema

Ndani ya mkoa huohuo wa Katavi, kando ya Ziwa Tanganyika, yupo wa kukumbukwa: Adrien Atiman. Alitekwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akakombolewa na wamisionari, akasomea utabibu Malta. Alifika Karema mwaka 1889, akawa tabibu na katekista hadi alipofariki mwaka 1956. Utumishi wa zaidi ya miaka 60 hauendi kwa mbio za siku moja. Unaenda kwa hatua.

Maombi na kituo cha afya

Kuna uchovu ambao ni ugonjwa. Malaria na upungufu wa damu vinaweza kummaliza mtu nguvu, vivyo hivyo sonona. Uchovu usipoisha hata baada ya kupumzika, ukikosa usingizi mfululizo au ukijikuta unatamani kufa kama Eliya, mwambie mtu unayemwamini leo hii na nenda kituo cha afya. Kumuona daktari hakupunguzi imani. Malaika naye alileta chakula.

Kwa aliyechoka leo, pa kuanzia si pagumu: kula, lala, na kesho mwambie jirani mmoja ukweli. Hata sala ya sentensi moja inatosha kwa usiku huu.