Bei ya saa moja ya mashini: namba ndogo inayoweza kufunga atelye

Watumikaji wandugu, na ninyi mama mnaongojea mshahara mwisho wa mwezi, leo tuzungumze juu ya namba moja. Haiko kwenye karatasi ya mshahara. Haibandikwi kwenye ubao wa matangazo. Iko ndani ya ordinatere, katika programu ya kuhesabu bei ya kutengeneza pyesi. Ile namba ni bei ya saa moja ya mashini. Kwetu, ilibaki kidogo ifunge atelye.

Siku ile wakubwa waliita delegasio ya sendika. Kwenye meza kulikuwa karatasi moja tu. Ilikuwa juu ya bagi ya bronzi ya konkasere, ile mashini ya kuponda mawe. Hiyo bagi tunaitengeneza sisi wenyewe tangu kalakala. Karatasi ilisema: kwetu inatoka dolari 1 512, na muuzaji wa inje anaitoa kwa dolari 1 150.

"Munaona wenyewe," mkubwa mmoja akasema. "Mikono yenu iko bei kali."

Tulielewa fasi maneno yalikuwa yanaenda. Bagi itanunuliwa inje, turu itazimwa, na watu wa atelye watatafutiwa kazi ingine ao watapewa barua. Mzee wetu wa turu, papa aliyezeeka kwenye ile mashini, akainua mkono. "Mwanangu," akamuuliza kontable, "ndani ya hiyo 1 512, mikono yangu mimi ni dolari ngapi?"

Hakuna aliyejibu. Njo tukaomba jambo moja: wafungue ordinatere mbele yetu, tuone ile bei inazaliwa namna gani. Namba ninazoandika hapa nimezirahisisha, ili hata mtoto wa shule aweze kufuata. Lakini njia ya hesabu ni ile ile.

Jambo la kwanza tulilojifunza: programu haijui kitu. Haijawahi kushika bronzi. Inajua tu kile mtu amejaza ndani. Akijaza vibaya, itatoa jibu baya, na itaandika jibu lile vizuri sana, na senti zake, mpaka kila mtu aogope kulibisha.

Sanduku la kwanza la kujaza ni la mali, maana yake bronzi yenyewe. Bagi inatoka fonderi ikiwa na kilo 60. Ikiisha kukatwa kwenye turu, inabaki kilo 40. Kama kilo moja ni dolari 12, bronzi inatoka 720. Lakini zile kilo 20 za makapi hazipotei: tunazifagia, tunazitia ndani ya pipa, zinarudi fonderi kuyeyushwa. Tukizihesabu dolari 5 kwa kilo, ni dolari 100 zinazorudi. Ndani ya programu kulikuwa nafasi ya kuandika makapi. Ilikuwa tupu. Basi bronzi ya kweli ni 620, hapana 720.

Sanduku la pili ni la saa. Hapa kuna saa za namna mbili, na tusizichanganye. Kuna saa za kutayarisha mashini: kusoma plani, kuchagua visu, kufunga pyesi, kuipima. Tuseme ni saa 3. Kiisha kuna saa za kukata zenyewe: saa 6 kwa bagi moja. Ukitengeneza bagi moja tu, inabeba saa 9 peke yake. Ukitengeneza 6 kwa mara moja, zile saa 3 za kutayarisha zinagawanyika, kila bagi inabeba nusu saa. Inakuwa saa 6 na nusu. Programu inauliza: munatengeneza ngapi kwa mara moja? Mtu alikuwa ameandika 1. Lakini konkasere yetu inakula bagi mwaka mzima, na depo iko na nafasi ya kuziweka.

Sanduku la tatu njo lenye sumu: bei ya saa. Chukua garama zote za mwaka ambazo zinabaki hata kama turu inalala: mshahara wa turnere na malipo yote yanayoufuata, matengenezo, kuzeeka kwa mashini, nyumba inayoifunika. Tuseme ni dolari 48 000. Umeme wa kuzungusha mashini unapanda na kushuka kufwatana na kazi. Nimeuacha pembeni ili hesabu iwe nyepesi. Kiisha gawanya ile 48 000 kwa saa za mwaka. Lakini saa zipi?

Sheria ya kazi kwetu inaweka saa 45 kwa juma. Kwa majuma 48, ni saa 2 160. Ondoa saa za kupaka mafuta na kutengeneza turu, zinabaki karibu 2 000. Ukigawanya 48 000 kwa 2 000, saa moja inatoka dolari 24.

Ndani ya ordinatere, saa moja ilikuwa dolari 60. Kijana wa kontable hakuiba, wala hakutunga uongo. Alichukua saa ambazo turu ilizunguka kweli mwaka uliotangulia: 800. Na 48 000 ukiigawanya kwa 800, ni 60. Hesabu iko sawa, lakini maana yake haiko sawa. Ule mwaka kila mtu anaukumbuka. Umeme ulikuwa unakatika mchana kutwa. Tena bronzi ilikosekana miezi, juu faktire ya fonderi haikulipwa. Papa alikuwa anafika asubuhi, anavaa kombinezo, anakaa karibu na turu iliyolala. Zile saa za kungojea zote walizibebesha bagi chache zilizotengenezwa.

Angalia sasa vile huo mtego unafanya kazi. Kazi ikipunguka, bei ya saa inapanda. Bei ya saa ikipanda, pyesi inaonekana ghali. Pyesi ikionekana ghali, wanainunua inje. Wakiinunua inje, kazi inapunguka tena. Ni kama chungu kinachoalikwa kwa wageni kumi, kiisha wanakuja watatu, na wewe unawaambia wale watatu walipe bukari ya wote kumi. Kesho hata wale watatu hawatakuja.

Saa za mashini kulala ni hasara ya kweli, siyafichi hayo. Lakini inatakiwa iandikwe kwenye mstari wake yenyewe, watu waone na waulize: nani alikosa kuleta bronzi? Isifichwe ndani ya bei ya bagi na kubatizwa jina la "mikono ya watumikaji".

Tukarudia hesabu pamoja, mstari kwa mstari. Karatasi ya kwanza: bronzi 720, saa 9 kwa dolari 60 ni 540, jumla 1 260. Juu yake garama za ofisi, 20 kwa mia, ni 252. Inafika 1 512. Karatasi ya pili: bronzi 620, saa 6 na nusu kwa dolari 24 ni 156, jumla 776. Garama za ofisi, zile zile 20 kwa mia, ni 155 na senti 20. Inafika 931 na senti 20.

Na muuzaji wa inje? Ile 1 150 ilikuwa bei ya kwenye mlango wake, kule mbali. Bagi bado haijapanda kamio, haijangojea kwenye mstari wa Kasumbalesa, haijapita dwani. Tukaongeza 250 ya njia, ikafika 1 400. Na bado hatujahesabu siku ambazo konkasere inasimama ikingojea kamio.

Papa naye alipata jibu lake. Kama mshahara wake pamoja na malipo yake ni dolari 800 kwa mwezi, kwa mwaka ni 9 600, kwa saa moja ni dolari 4 na senti 80. Ndani ya bagi ya 931, mikono yake ni dolari 31 na senti 20. Alizirudilia zile namba polepole, kiisha akanyamaza.

Sasa niseme na yetu sisi, juu sendika haiko kwa kusifu watumikaji tu. Tulipoanza kujaza saa upya, ndugu mmoja aliniambia kwa sikio: "Andika saa 10 za kukata, tupate kupumua." Ningekubali, kila saa ya uongo ingeongeza karibu dolari 29 kwa kila bagi, na siku muuzaji akishusha bei, ule uongo wetu njo ungetufunga. Mwingine alitaka tuandike saa 4, wakubwa wafurahi. Huyo pia tulimkatalia. Saa 4 zinapatikana kama mtu hafungi pyesi vizuri, kama anainua kilo 60 kwa mgongo bila palani, kama anapima mashini ikiwa inazunguka. Ile namba ikiingia ndani ya programu, kesho mutaulizwa juu ya nini munachelewa, na mtu atapoteza vidole. Tukaandika saa 6, juu papa alizifanya mbele yetu, saa ikiwa kwenye ukuta.

Na tusidanganyane: kuna pyesi tulizoshindwa. Bulo, rulma, viungo vya mpira, wenye viwanda vikubwa wanavitoa kwa bei ambayo hatutaifikia. Tuliweka sahihi vinunuliwe. Ukitetea kila kitu, hawatakuamini siku unatetea kile cha kweli.

Mambo yaliishaje? Atelye ilipewa mwaka mmoja wa kujaribiwa. Bagi zilirudi kwetu, sita kwa sita. Lakini vijana wawili wasaidizi, mikataba yao iliisha kabla hatujamaliza hesabu, na haikuandikwa upya. Mmoja wao niko nakutana naye sokoni, anauza vocha za simu. Tulichelewa kuuliza. Hiyo iko kwangu.

Njo maana naandika haya. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamlazimisha mpatroni, kabla ya kupunguza watu kwa sababu ya uchumi, aarifu delegasio ya sendika kwa maandishi na asikilize mawazo yake. Lakini utatoa mawazo gani kama karatasi hujui kuisoma? Siku wakikuletea bei ya pyesi yako, uliza: makapi yamehesabiwa? Ni pyesi ngapi kwa mara moja? Bei ya saa imegawanywa kwa saa ngapi, na ni za mwaka gani? Bei ya inje imefika mpaka kwenye depo, ao imebakia kwa muuzaji? Na tukifunga mashini, katika zile garama za mwaka, ni zipi zitaisha kweli, na ni zipi zitabaki kulipwa?

Hapana lazima kuwa na diplome kubwa. Hata mimi niliishia kwenye sekondari. Kalamu, karatasi, na kutokuona haya ya kuuliza, vinatosha kwa kuanza. Papa bado iko kwenye turu yake. Pembeni yake, ukutani, aliandika kwa chaki namba moja: 24. Kila mwisho wa mwezi anamuuliza kontable kama ingali ile ile.