Swichi za umeme na bomba la maji Uvira

Umeme ukikatika katika mji wa Uvira, mashariki mwa Kongo, lawama huenda moja kwa moja kwenye mitambo ya mto Ruzizi, na si bure. Ruzizi ya kwanza, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950 pale mto unapotoka Ziwa Kivu, ina uwezo wa megawati 30 hivi. Ya pili, iliyoanza kazi 1989, ina megawati 44 hivi, nazo hugawanywa kati ya Kongo, Rwanda na Burundi. Tena taka za plastiki zinazoelea kutoka ziwani huziba njia ya maji na kusimamisha mashine. Hata hivyo, kati ya mtambo na taa ya nyumbani kuna kituo cha kupoza umeme, ambacho wengi hupita kando ya ukuta wake bila kujua kinachoamuliwa humo.

Umeme husafirishwa kwa volti kubwa kwa sababu volti zikiongezwa mara mbili, mkondo wa kazi ile ile hupungua nusu, na kinachopotea njiani kama joto hushuka hadi robo. Kituoni transfoma, sanduku zito la chuma ambalo koili zake zimezamishwa katika mafuta, huzishusha volti hizo. Kisha umeme hugawanywa katika laini kadhaa, kila laini na swichi yake kubwa na mitaa yake, hadi kwenye kabini za mitaani zinazoushusha tena kufikia volti 220. Mzigo ukizidi, swichi moja hufunguliwa na mitaa yake yote huzimika ili mingine ibaki. Hiyo ndiyo delestaji. Uhaba huanzia mtoni, lakini nani aubebe hupangwa hapa.

Uvira mpango huo ni suala la uhai. Maji ya bomba ya REGIDESO, shirika la maji, hutoka mto Mulongwe, na bila umeme pampu hazisukumi. Bomba likikauka, watu huchota Ziwa Tanganyika na mitoni, na kipindupindu huenea. Utafiti ulioongozwa na Aurélie Jeandron, uliochapishwa 2015, ulilinganisha kiasi cha maji yaliyosukumwa na idadi ya wagonjwa walioshukiwa kuwa na kipindupindu waliolazwa kati ya 2009 na 2014. Baada ya siku isiyo na maji kabisa, wagonjwa hao katika siku 12 zilizofuata waliongezeka kwa asilimia 155, ukilinganisha na baada ya siku ya maji ya kutosha. Karibu robo ya wagonjwa wote walihusishwa na upungufu wa maji.

Atakayesema kituo hakizalishi hata wati moja amesema kweli, na mitambo mipya inahitajika. Lakini mtambo huchukua miaka, ilhali laini ya pampu za maji inaweza kuwekwa ya mwisho kukatwa na ya kwanza kurudishwa kwa umeme huu huu uliopo. Jenereta nayo husaidia siku moja mbili, kisha mafuta huwa mzigo kwa shirika la maji. Pingamizi zito zaidi linatoka milimani, Rurambo: kwa nini tujadili swichi za mjini ilhali huko juu nguzo hazijafika? Wana haki ya kudai umeme wao. Ila wanaoshuka sokoni au hospitalini Uvira hunywa maji ya mji ule ule, kwa hiyo ratiba ya kukata umeme inawahusu pia. Inafaa ibandikwe hadharani, mtaa kwa mtaa, na laini ya pampu ioneshwe wazi humo.