Ngoma Ikiisha, Nani Anajibu?

Katika maandiko mengi ya miradi ya afya, maji au elimu, sanaa hutengewa mstari mmoja wa bajeti, chini ya kichwa cha uhamasishaji: kikundi cha ngoma na maigizo, usafiri, posho, fulana. Andiko linapofika kwenye mstari huo, tatizo limeshatajwa, chanzo kimeshaelezwa na suluhisho limeshachaguliwa. Umebaki ujumbe tu, na wasanii wanaitwa waupeleke.

Yanayofuata yanafahamika. Gari la spika linaingia kijijini, muziki unapigwa mpaka watoto wajae, mwenyekiti anafungua, kikundi kutoka mjini kinamwigiza mlevi asiyetaka kuchimba choo. Watu wanacheka, maana mlevi kaigizwa vizuri. Mshereheshaji anauliza ni wakati gani wa kunawa mikono, na anayejibu sawasawa anapewa fulana. Karatasi ya mahudhurio inazunguka, picha zinapigwa, gari linaondoka kabla jua halijazama. Nyuma ya umati yupo mama ambaye choo alikichimba mwaka jana, kikatitia masika kwa sababu udongo wa pale ni kichanga. Angetaka kuuliza mtu atajengaje shimo lisiloporomoka kama hana fedha za tofali. Ratiba haikuwa na nafasi ya swali hilo, na ripoti itaandika kwamba jamii imeelimishwa.

Si kwamba hatukuwa na mfano mwingine. Mwaka 1982 na 1983, walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walifanya kazi katika kijiji cha Malya, mkoani Mwanza. Hawakubeba igizo. Walianza kwa kukaa na wanakijiji, wakauliza na kusikiliza. Matatizo yaliyotajwa yakachambuliwa kwa pamoja. Kisha wenyeji wakayatungia ngoma na maigizo kwa mitindo wanayoijua, wakaonyesha mbele ya wenzao, na baada ya onyesho ukafuata mjadala. Mojawapo ya mambo yaliyojitokeza ni mimba za wanafunzi. Jambo hilo likitungiwa ofisini huishia kuwa somo kwa msichana: ajitunze. Likitungwa na watu wanaoishi nalo, wanaingia jukwaani pia mzazi, mwalimu, kijana asiye na kazi na kiongozi aliyejua akanyamaza.

Mwaka 1991 Mlama aliieleza njia hiyo katika kitabu, na miaka mitano baadaye yeye na Lihamba wakaanzisha Tuseme katika shule za sekondari za Tanzania. Wasichana wenyewe ndio waliochunguza kinachowakwamisha shuleni, wakakiigiza mbele ya walimu na wanafunzi wenzao, kisha wakakaa kupanga hatua za kuchukua. Klabu ya Tuseme ilibaki shuleni ili kufuatilia. Baadaye FAWE, jukwaa la wanawake waelimishaji wa Afrika, likaipeleka katika nchi nyingine. Kilichosafiri hapo ni utaratibu. Kila shule ilitunga igizo lake.

Mpangaji asiyeijua sanaa ya mahali huumbuka hata kabla ya ujumbe kusikika. Chukua Usukumani. Msimu wa ngoma huja baada ya mavuno, kuanzia mwezi wa sita, watu wanapokuwa na chakula na muda. Mradi ambao fedha zake zinatoka Januari na lazima zitumike kufikia Machi utakuta watu wako shambani na palizi. Tena ngoma za huko ni mashindano. Wachezaji wamegawanyika tangu karne ya 19 katika pande mbili, Bagika na Bagalu, kila upande na manju wake, dawa zake na mashabiki wake. Ukikodi kikundi cha upande mmoja bila kujua, umekosana na upande wa pili, hata kama wimbo ni wa chandarua. Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyeanzisha makumbusho ya Bujora karibu na Mwanza, alilielewa hilo: sherehe ya kanisa ya mwezi wa sita, Bulabo, iliunganishwa na mashindano ambayo watu wangeyafanya vyovyote vile, na Bulabo inachezwa mpaka leo.

Kwenye misaada ya dharura, mambo huwa mazito zaidi, kwa sababu waliokimbia hawarudi penye utupu. Wakimbizi Wakongo walipoanza kurejea Fizi na Baraka kutoka kambi za Kigoma katikati ya miaka ya 2000, wengi walikuta mashamba yao yanalimwa na wengine. Shirika la Search for Common Ground lilitumia huko maigizo shirikishi. Waigizaji hufika mapema, huongea na watu wa pande zote sokoni na majumbani, kisha huigiza mgogoro unaofanana na wa pale bila kumtaja mtu. Ugomvi ukifika kileleni, mchezo unasimamishwa na watazamaji wanaitwa: wewe ungefanyaje? Anayepanda jukwaani anajaribu, na mwenzake anamjibu. Aliyelima shamba la mtu miaka kumi anaweza kusema mbele ya wote jambo ambalo mbele ya chifu lingehesabiwa kuwa ungamo.

Lakini hatimiliki ya shamba haipatikani jukwaani. Baada ya onyesho lazima awepo mtu wa kupokea jambo: baraza la usuluhishi, mtawala wa eneo, afisa ardhi. Asipokuwepo, waigizaji wamefukua kidonda wakaondoka. Hapo ndipo miradi mingi inapokatikia, kwa kuwa andiko lilihesabu maonyesho na halikuhesabu majibu.

Augusto Boal, Mbrazili anayetajwa kuwa baba wa maigizo ya aina hiyo, alilikabili tatizo hilo moja kwa moja. Akiwa diwani wa Rio de Janeiro kuanzia 1993 hadi 1996, alikusanya yale ambayo watazamaji walipendekeza jukwaani, akayapitisha kwa wanasheria na kuyapeleka barazani kama miswada. Sheria 13 zilipatikana. Si kila mradi una diwani wake, lakini kila mradi unaweza kuamua mapema hoja za watu zitaishia mezani kwa nani.

Wapo watakaosema sanaa haipimiki, hivyo ibaki kuwa kipambo. Tamthilia ya Twende na Wakati ya Redio Tanzania inawajibu. Kuanzia 1993 hadi 1995 ilirushwa nchini isipokuwa eneo la kituo cha Dodoma, ili watafiti walinganishe. Matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi kule ilikosikika. Wasikilizaji walimfuata Mkwaju, dereva wa lori, mwaka hadi mwaka mpaka tabia yake ikamfikisha kwenye UKIMWI. Onyesho la alasiri moja haliwezi kudai matunda ya mchezo uliosikilizwa majumbani mara mbili kwa wiki.

Hata hivyo kuna sababu nyingine inayofanya mstari ule wa bajeti ubaki mdogo, nayo haisemwi mikutanoni. Sanaa iliyo mikononi mwa wananchi haitabiriki. Huko Kamirithu, karibu na Limuru nchini Kenya, madarasa ya kisomo ya watu wazima yaliyoanza 1976 yalizaa tamthilia ya Kikuyu, Ngaahika Ndeenda, ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Wakulima na vibarua walijenga ukumbi wa wazi kwa mikono yao, wakafanya mazoezi mbele ya kila aliyetaka kutazama, wakawakosoa waandishi kuhusu namna mzee anavyozungumza. Maonyesho yalianza Oktoba 1977, na Novemba kibali kikafutwa. Siku ya mwisho ya mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o aliwekwa kizuizini, na mwaka 1982 polisi wakaubomoa ukumbi wenyewe. Kwa kipimo chochote cha ushiriki wa jamii, mradi ule ulifaulu. Kufaulu ndiko kulikouponza.

Basi mfadhili na halmashauri wajiulize kabla ya kusaini. Wako tayari kijiji kiseme kwamba tatizo si uelewa wa watu bali pampu iliyoharibika ambayo fundi wake halipwi? Kama wako tayari, andiko liandikwe tofauti: muda wa kukaa na watu uje kabla ya utunzi, kalenda ifuate msimu wa mahali, mwenye mamlaka ya kujibu akae mstari wa mbele na si wa kufungua mkutano tu, na fungu moja la fedha liachwe bila kupangiwa kazi mpaka wananchi wamalize kujadili walichokiona. Kama hawako tayari, wakodi gari la spika. Bei yake ni nafuu, na kila mtu anajua limekuja kutangaza.